Pombe Ina Risiti

"Geuka kidogo nione," muuguzi alisema, na Kambale akageuka, suruali ikiwa magotini, kikombe cha plastiki mkononi. Ilikuwa mara ya tisa. Katika kliniki ile ya Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, walikuwa wamepachika kioo pembeni mwa choo ili mtu asije na mkojo wa jirani. Alipomaliza, muuguzi alishika kikombe kuhakikisha kina joto, akabandika namba, akamtakia siku njema. Bila miezi ya vipimo safi asingerudishiwa leseni ya udereva, na kila kipimo alikilipia mwenyewe.

Miaka tisa alikuwa dereva wa basi. Alitoka Butembo, Kongo, akikimbia vita, akajifunza Kiswidi kwa kusoma vibao vya vituo, na katika miaka yote hiyo hakugonga hata baiskeli ya mtu. Usukani ndio uliomvunja mgongo. Vidonge vya daktari vilimfanya asinzie mchana, kazini. Msokoto mmoja wa bangi Ijumaa, akijua hana zamu mpaka Jumatatu, ulimlaza vizuri na kumwamsha mzima. Kisha Jumamosi moja ya Oktoba 2011, akiwa amesimama tu nje ya maduka, polisi wawili walimwangalia machoni wakasema mekundu. Wakampakia garini, wakamchukua mkojo. Mfukoni hawakukuta kitu. Haikuwa na maana, kwani kwa sheria ya huku hata ile iliyokwisha kuingia mwilini ni kosa. Faini ikaja, leseni ikaenda.

Siku ya kufukuzwa, aliyeketi mbele yake alikuwa Lennart, mkuu wa zamu pale gereji.

"Wewe ni mraibu?" Lennart alimuuliza.

"Hapana. Mgongo unaniuma."

"Ungekuwa mraibu, ungekuwa mgonjwa, na kampuni ingelazimika kukutibu. Kwa kuwa si mgonjwa, umevunja sheria kwa kutaka mwenyewe."

Alipoinama kumsogezea kalamu, pumzi yake ilinuka vodka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kambale alitia sahihi, na harufu ile akaondoka nayo kifuani kama jiwe.

Sasa alikuwa anaosha ngazi za majengo ya Vällingby. Mwezi wa pili wa kazi hiyo alipewa jengo jipya, na kwenye mlango wa ghorofa ya tatu akasoma jina la Lennart. Hakumwambia mtu. Kila Jumanne na Ijumaa aliteremsha takataka za jengo, na chupa za Lennart zililia ndani ya mfuko wake wa taka kama kengele. Risiti zilikuwamo humo humo: duka la pombe la serikali, tarehe, saa, kodi aliyolipa. Mara mbili alimwona akishuka asubuhi, mkono umeng'ang'ania reli, akaingia garini na kuondoka kwenda kuwasimamia madereva.

Kambale alisubiri. Alitaka lifanyike mbele ya macho yake.

Ijumaa moja ya Machi, Lennart aliteremka akiwa ametoka jasho, akaangusha funguo mara mbili. Kambale alikuwa ameshapiga simu. Polisi walimkuta ndiyo kwanza anageuza gari kutoka maegesho. Wakampulizisha kipimo cha pombe. Kambale alisimama kwenye dirisha la ngazini, fagio la maji mkononi, akamwangalia mtu yule akiingizwa nyuma ya gari na kichwa chake kikiinamishwa kwa mkono wa askari, vilevile kama alivyoinamishwa yeye. Alicheka peke yake. Siku ile mgongo haukumuuma.

Wiki tatu zikapita, ndipo Thomas akampigia simu. Thomas alikuwa Mtanzania, dereva mwenzake wa zamani na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

"Umesikia ya Lennart, kaka?"

"Walimfukuza?"

"Wamfukuze wapi! Yuko nyumba ya matibabu huko porini. Kampuni inalipia, nafasi yake inamsubiri. Leseni wamemnyang'anya, lakini yeye kazi yake ni ya mezani."

"Vraiment, kweli? Alikuwa anaendesha amelewa, Thomas. Mi nilivuta usiku, nikalala kwangu!"

"Pombe ni ugonjwa, ndiyo wanavyosema."

"Na bangi?"

"Bangi ni jinai, bwana. Mi nifanyeje?"

Kambale akaanza kupandisha sauti. "Sikiliza, ndugu. Ile pombe yake serikali inamuuzia, inakata kodi, inamuuliza mtu umri wake. Kodi ile ile inamtibu. Yule aliyeniuzia mi pale uwanjani anamuuzia hata mwanafunzi, na kodi halipi. Kwangu walileta polisi wawili, gari, maabara, hakimu. Leo mi dereva mzima naosha ngazi, na mabasi yenu yanakosa madereva. Nani amepata faida hapo?"

"Muuzaji," Thomas alisema taratibu.

Juni, Lennart alirudi. Alikuwa amepungua, macho meupe, ndevu zimenyolewa. Alimkuta Kambale kwenye ngazi za ghorofa ya pili, akamtambua, akasita.

"Kambale. Unafanya kazi hapa?"

"Tangu Februari."

"Mimi nilikuwa naumwa." Lennart aliegemea ukuta. "Kuna mtu aliwapigia polisi simu. Sijui ni nani. Ningemwona ningemshukuru. Ameniokoa maisha."

Kambale aliacha kusugua. Hata kisasi walikuwa wamekichukua, wakakigeuza kuwa wema.

"Ni mimi," alisema.

Lennart akanyoosha mkono. Kambale aliutazama, hakuupokea.

"Sikutaka upone. Nilitaka uanguke kama mimi, ukae nyumbani, mke wako akuulize kesho tunakula nini, kama wangu alivyoniuliza. Usinishukuru."

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. "Naelewa una hasira," Lennart alisema. "Lakini yako yalikuwa madawa ya kulevya. Sheria ni sheria."

Kambale alichovya fagio, akalikamua, akalisukuma mpaka kwenye ncha za viatu vya Lennart.

"Nyanyua mguu," alisema.

Lennart akanyanyua.