Mtoto wa Lumbesa

Marta hakuwahi kumheshimu mtu mwembamba. Kwake wembamba ulikuwa uvivu uliovaa nguo. Miaka ishirini na mitano alikuwa akiuza maharage ya Itaka sokoni Tunduma, na macho yake yalishazoea kupima kila kitu kwa ujazo: gunia, mbuzi, hata mchumba. Kwa hiyo Eva, mke wa mwanawe, alipojifungua mtoto wa kilo mbili na gramu mia moja, Marta alikitazama kile kichanga, akamtazama Eva, akasonya.

"Eva, watu wa kwenu Ibaba bwana!" alisema mbele ya wageni waliokuja kutoa hongera. "Viazi mnalima vikubwa, watoto mnazaa vidogo."

Wageni walicheka. Eva naye alicheka, maana mkwe akikutania huna budi kucheka. Kisha akageukia ukuta, akamnyonyesha Luka wake.

Huko kunyonyesha ndiko kulikomchefua Marta kuliko yote. Maziwa gani yatoke kwenye kifua kile? Kabla mtoto hajatimiza wiki sita alikuwa ameshavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na makopo ya maziwa ya unga. Kila chupa aliizidishia vijiko viwili, kwa sababu maagizo ya kopo, alidai, yameandikwa na mabahili. Mwezi wa pili akaanza uji wa karanga na sukari. Mtoto akigeuza uso, alimbana mashavu na kumsukumia. Eva akithubutu kusema kliniki wamekataza, jibu lilikuwa ni lile lile.

"Kuzaa si kazi, kazi kulea. Wewe umeshazaa, kaa pembeni."

Luka akanenepa, tena kwa kasi. Kila Jumamosi Marta alimfunga kwenye kitenge, akamtundika kwenye mizani ya maharage na kutangaza kilo zake kwa sauti, soko zima lisikie. Wauza dagaa walipiga makofi. "Lumbesa hiyo!" walipaza sauti, kama wasemavyo wakiona gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa juu ya mdomo wake. Marta alijaa kiburi. Mwezi wa nne, mtoto alipokaribia kilo tisa, alitangaza uamuzi wake: baada ya Krismasi Eva arudi kwao Ibaba akapumzike, na Luka abaki na bibi yake mpaka atakapotembea.

Eva hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alimwomba mumewe, Clement, aseme neno. Clement, wakala wa mizigo pale mpakani, mtu wa kilo mia na kumi na nane, alikuna shingo tu. Hakuwahi kumpinga mama yake hata kwa rangi ya shati.

Siku ya kliniki Marta alimbeba mtoto mwenyewe, Eva akafuata nyuma na kadi. Nesi Jenista alipima, akaweka nukta kwenye chati ya kadi, akaitazama ile nukta iliyoruka juu ya mistari yote ya ukuaji.

"Mama, huyu anapewa nini?"

"Chakula," alijibu Marta. "Wewe kwani hukijui?" Alimkagua nesi kutoka kichwani hadi miguuni. Msichana hana hata makalio, anataka kufundisha watu kulea!

Jenista hakukasirika. Alieleza kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo akijazwa kwa pupa miezi ya mwanzo, uzito unaoongezeka mwingi ni mafuta, na wataalamu wanaona watu wa namna hiyo ukubwani presha huwapanda mapema na mishipa yao ya damu hukakamaa. "Si lazima imtokee kila mtoto, mama. Lakini ya nini kumtafutia maradhi? Muache anyonye, akue taratibu."

"Umezaa wangapi wewe?"

"Bado sijazaa."

"Debe tupu haliachi kuvuma!" Marta aliwageukia akina mama kwenye benchi apate wa kucheka naye, akawapata. "Mimi nimelea mtoto aliyezaliwa kama panya. Uji alianza na mwezi mmoja. Kesho nakuletea umwone, ufunge mdomo."

Kweli, kesho yake alimleta. Clement aliingia mlangoni ubavu ubavu, jasho likimtiririka kwa ngazi tatu tu. Marta alikaa na Luka mapajani, chupa mkononi, uso umemchanua. Eva alisimama karibu na dirisha.

"Haya, nesi. Huyo hapo."

Jenista alimkalisha Clement, akamfunga kipimo cha presha. Mpira wa kipimo haukutosha mkono wake. Marta alicheka mpaka akajifuta machozi. "Hata vyombo vyenu ni vya watu wenye njaa!" Nesi akaenda kuchukua mpira mkubwa. Alipima. Akamwambia Clement apumzike bila kuongea, akapima tena, kisha akahamia mkono wa pili.

"Kaka, kichwa hakikuumi?"

"Kila asubuhi," alisema Clement, macho chini.

"Mia na tisini kwa mia na ishirini. Hutoki hapa mpaka daktari akuone." Nesi alifungua mlango, akaita.

"Mashine mbovu hiyo," alisema Marta.

"Si mbovu, Mama. Hata hospitalini Mbeya waliniambia mwaka jana," alisema Clement.

Marta alimgeukia. "Ukanificha? Mimi mama yako?"

"Ningekwambia nini? Mjomba Efraimu alipopooza kwa presha, si ulizunguka soko zima ukisema ni mwanamume mzembe, ameshindwa na ugali? Ndugu yako wa tumbo moja. Nikaona bora ninyamaze nami nisichekwe."

Luka aliikataa chupa, akaanza kulia. Mkono wa Marta, kwa mazoea, ukamfuata mashavuni.

Clement aliinuka. Alimwondoa mtoto mapajani kwa mama yake, polepole, akampa Eva.

"Mmoja umeshamnenepesha, Mama. Huyu atakaa na mama yake."

Eva hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikaa chini pale pale, akafungua vifungo, akamnyonyesha mwanawe. Jenista alimrudisha Clement kitini.

Marta alimtazama nesi, na kwa mara ya kwanza hakuona wembamba wake.

"Atapona?"

"Atameza dawa, labda maisha yake yote. Sisemi ni uji wako peke yake, mama. Lakini ni mapema mno kwa umri wake."

"Mimi nilimlea vizuri," alisema Marta. Akamgeukia mwanawe. "Clement, si nilikulea vizuri?"

Clement aliutazama mkono wake, pale mpira ulipoacha alama.