Mtoto wa Matonya Amefaulu

Gundi ilikuwa imekwisha tangu muhula uliopita, kwa hiyo Sidonia alipika uji mzito wa sembe kwenye sufuria ndogo, nyuma ya chumba walichokiita maktaba. Haukuwa uji wa kunywa. Ulikuwa wa kubandikia majalada yaliyong'oka. Watoto wa darasa la pili walikuwa wamekaa mkekani wakingoja hadithi, lakini macho yao hayakuwa kwenye rafu. Yalikuwa yanaufuata mwiko.

"Mwalimu," akauliza mmoja, "utatia sukari?"

"Huu ni wa vitabu."

Mtoto akafikiri. "Vitabu vinakula?"

Hakuna aliyecheka. Sidonia akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kushikia sufuria, na aliporudi akakuta uji umepungua na watoto wamekaa kimya kupita kiasi, mikono nyuma. Hakuuliza. Siku iliyofuata alipika mwingi zaidi, akatia chumvi.

Shule ile ilikuwa pembezoni mwa Msalato, mahali ambapo nyumba mpya za bati jekundu zilikuwa zinasogelea tembe za udongo za zamani mwaka hadi mwaka. Chumba cha maktaba kilikuwa stoo ya mahindi zamani. Hata baada ya kupigwa chokaa kiliendelea kunuka panya. Sidonia alikuwa mwalimu wa kujitolea. Alikuwa na stashahada, alikuwa na chumba cha kupanga Chang'ombe, mjini, na alikuwa anasubiri ajira ya serikali kama mtu anavyosubiri mvua ya Dodoma, akitazama juu kila asubuhi bila kutarajia sana. Mwalimu mkuu, Batholomeo, alimkabidhi ufunguo wa stoo kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeutaka. Vitabu vilikuja kwenye maboksi kutoka kwa watu waliokuwa wamevichoka. Alivipanga, akavishona, akavibandika kwa uji.

Ruthu aliingia mle mara ya kwanza kwa adhabu. Alichelewa shule, akapewa ufagio akafagie maktaba, na Sidonia aliporudi akakuta vumbi liko palepale, ufagio umelala mlangoni, na msichana mrefu wa darasa la saba amechuchumaa kwenye kona akisoma habari ya fisi aliyefungua bucha. Alikuwa anacheka peke yake. Kucheka kwa mtu aliyesahau kwamba ana njaa, kwamba amechelewa, kwamba kuna adhabu.

Tangu siku hiyo hakuhitaji kuadhibiwa. Kila mchana, wenzake walipokwenda kucheza, Ruthu aliwasomea wadogo. Wengi wao walizungumza Kigogo nyumbani, na Kiswahili cha kitabuni kiliwapita juu ya vichwa. Ruthu alisoma sentensi moja kwa Kiswahili, akairudia kwa Kigogo, akaongeza na chumvi yake mwenyewe. Fisi wake alizungumza kwa sauti ya mwenye duka la pale barabarani, yule anayepunja kwenye mizani. Watoto waligaragara. Walishika matumbo. Mtoto aliyeuliza kama vitabu vinakula alijifunza kusoma neno "nyama" kabla ya kujua kuandika jina lake, na kwa wiki nzima aliliandika kila mahali, kwenye mchanga, kwenye ukuta wa choo, kwenye paja lake.

Sidonia alikuwa akiwatazama kutoka mlangoni, mgongo ukimuuma. Nyakati hizo alidhani anajua kwa nini bado hajaiacha kazi ile.

Mtihani wa darasa la saba ulipokaribia, Ruthu alibaki nyuma akipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

"Mwalimu."

"Nakusikia."

"Mtu akitaka kufeli, anafanyaje mpaka isijulikane?"

Sidonia aligeuka. "Nani anataka kufeli?"

Ruthu alitazama chini. "Baba amesema nijaze ovyo. Amesema nikifaulu nimemfunga."

Jumamosi Sidonia alikwenda kwao. Tembe ya Matonya ilikuwa nyuma ya kilima cha mawe, na mawe hayo ndiyo yaliyokuwa shamba lao la pili. Mtama ulipokauka, mama yake Ruthu alikuwa akiyaponda kuwa kokoto, na malori yalikuja kuzizoa kupeleka Mtumba zilikokuwa zinajengwa ofisi za serikali. Alimkuta Matonya amekaa kivulini akishona kandambili kwa waya.

"Mbukwenyi," Sidonia alisalimia, kwa Kigogo chake cha kubahatisha.

Mzee akatabasamu kidogo. "Mbukwa. Karibu, mwalimu. Kaa kwenye kigoda."

Sidonia alikuwa amejiandaa kumkemea. Njiani alipanga maneno: haki ya mtoto, zama tulizonazo, aibu. Matonya alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama anavyosikilizwa mgeni, kisha akaweka kandambili chini.

"Umesema vizuri. Sasa nisikilize na mimi. Mtoto akifeli, nani ananitafuta?"

Mzee akajijibu mwenyewe.

"Hakuna. Anakaa hapa, tunaponda mawe, tunakula tukipata. Mtoto akifaulu, anapangiwa sekondari. Iko kule ng'ambo ya vilima, hawezi kutembea kwenda na kurudi, lazima alale hosteli. Elimu ni bure, nimesikia. Godoro je? Sare? Mahindi ya kula kule? Na asipokwenda, mtendaji wa kata analeta mgambo. Jirani yangu alichukuliwa mbele ya wakwe zake." Aliokota tena kandambili. "Mimi sichukii kusoma, mwalimu. Yule mtoto hutusomea usiku. Anasoma hata pakiti ya chumvi tukacheka. Lakini kufaulu ni kwa wenye godoro."

Kutoka ndani mtoto mchanga alilia, na mama yake Ruthu akaja kutoka kwenye mawe, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alimsalimia Sidonia kwa kifundo cha mkono, kwa sababu kiganja kilikuwa kimepasuka.

Jumatatu Sidonia alisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Batholomeo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeitwa kwenye vikao akaulizwa kwa nini shule yake iko chini, na akarudi na vidonda vya tumbo.

"Ruthu Matonya?" alisema. "Huyo ni A ya uhakika. Ndiyo pekee niliyonayo! Afeli kwa makusudi? Haiwezekani."

"Baba yake anaogopa, mwalimu. Hana uwezo wa kumpeleka mbele."

"Mwambie mzee asiogope. Mwambie shule iko nyuma yake. Kamati ipo, wafadhili wapo, hatuwezi kumtupa mtoto kama huyo."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie mimi nimesema."

Sidonia alipanda tena kilima. Matonya alimwuliza jambo moja tu.

"Neno hilo ni la nani?"

"La mwalimu mkuu," alisema. Kisha, kwa kuwa mzee aliendelea kumtazama, akaongeza, "Na langu."

Matonya alimwita binti yake. "Andika unachojua," akamwambia, na akaondoka kwenda kwenye mawe kana kwamba amesaini kitu.

Ruthu aliandika alichojua. Matokeo yalipotoka, Batholomeo alikimbia kutoka ofisini bila koti na kumkumbatia Sidonia mbele ya walimu wote. Shule ilikuwa imepanda. Pakapikwa pilau, afisa elimu akaja, na mbele ya wazazi Sidonia akavishwa khanga mabegani. "Huyu," alisema Batholomeo, "ndiye aliyetuletea A. Maktaba, ndugu zangu! Maktaba ndiyo siri." Wakapiga makofi. Ruthu akapigwa picha ameshika kitabu kifuani, na picha ikapelekwa mjini kutengenezewa bango. Matonya alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alikula pilau kwa utaratibu, akimwangalia kila mtu aliyempongeza kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya habari.

Sehemu ya pili haikuja. Desemba ikapita. Mvua zikaanza, zikakatika. Sidonia aliuliza mara moja, akaambiwa kamati haijakaa. Aliuliza tena, akaambiwa wafadhili wako likizo. Alinunua sare kwa posho yake, na ndoo. Godoro alilitazama dukani akalipita. Wiki ya kufunguliwa shule alikwenda ofisini na hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Ulisema shule iko nyuma yake."

"Iko nyuma yake," alisema Batholomeo. Alionekana amechoka kweli. "Kwa ushauri. Kwa maombi. Lakini Sidonia, kazi yangu inaishia darasa la saba. Yule sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Nikianza kuwanunulia magodoro, hawa wa mwaka huu nitawapa nini?"

"Mimi niliwaambia wazazi wake."

"Basi ulisema zaidi ya nilivyosema." Alichukua kalamu. "Halafu, jina lako nimelipeleka kwa ajili ya ajira, na nimelisifia. Usiharibu."

Mgambo walimchukua Matonya Alhamisi iliyofuata, akiwa amejitwisha mawe. Ruthu alikuja mbio shuleni kumwambia Sidonia, na wote wawili wakaenda ofisi ya kata. Mtendaji, kijana nadhifu aitwaye Elisante, alikuwa anakunywa chai. Matonya alikuwa amekaa kwenye benchi lililokuwa ukutani, miguu mitupu, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, mzee," alisema Sidonia.

Matonya hakuitikia. Alimtazama tu, kisha akatazama mlango. Sidonia alikuwa hajawahi kuachiwa shikamoo yake hewani na mtu mzima, na alisimama pale asijue aweke wapi mikono.

"Mwalimu unafanya vizuri kuja," alisema Elisante. "Wazazi wa namna hii ndio wanaoturudisha nyuma. Mtoto ana A, yeye anamficha nyumbani aponde mawe."

"Hamfichi. Hana uwezo."

"Elimu ni bure."

"Hosteli si bure."

"Sidhani kama sheria ina kifungu cha 'hana uwezo'." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Mimi nina takwimu za kupeleka wilayani. Nani ameripoti, nani hajaripoti. Huyu wako hajaripoti. Nifanyeje?"

"Mimi ndiye niliyemshawishi," alisema Sidonia. "Angefeli, asingekuwa hapa."

Elisante alicheka, akadhani ni mzaha. "Sasa mwalimu, unataka kuniambia wafeli?"

Ruthu alikuwa amesimama mlangoni. Alisoma kwa sauti ya chini tangazo lililobandikwa nyuma ya kichwa cha mtendaji, kama alivyosoma kila kitu kilichoandikwa popote: "Kila mtoto ana haki ya..." Baba yake akageuza shingo. "Nyamaza," akamwambia. Lilikuwa neno lake pekee asubuhi ile.

Walimwachia jioni, wakampa mwezi mmoja wa kumpeleka mtoto shule. Matonya hakusubiri uishe. Aliondoka kwenda Kiteto kulima kwa vibarua, atafute la godoro, ndivyo alivyomwambia mkewe, na tangu hapo hakuna simu. Mama yake Ruthu alifuatilia mpaka stendi ya mabasi, akarudi bila habari. Mwezi ukaisha. Nafasi ya Ruthu kule ng'ambo ya vilima ikafutwa kwa utoro, na karatasi za Elisante zikakamilika.

Sidonia aliendelea kufungua maktaba kila mchana. Watoto waliendelea kuja. Aliwasomea mwenyewe, kwa Kiswahili tu, na hapakuwa na wa kukigeuza kuwa Kigogo. Walimsikiliza kwa heshima, wakasinzia mmoja mmoja kwenye joto la bati. Sidonia alikuwa amebadilika kwa jambo moja: mtoto aliponyoosha kidole akisoma neno gumu bila kusaidiwa, alimsifu kwa sauti ndogo, isisikike ofisini.

Mwezi wa tatu alichukua kitabu kipya kabisa, cha boksi lililofika wiki ile, kinene, chenye ramani na picha za rangi, akakifunga kwenye khanga. Alitoka shuleni saa za jua kali. Getini bango lilikuwa limetundikwa, Ruthu akitabasamu, mkubwa kuliko alivyo, kitabu kifuani, na chini yake: NJOO USOME KWETU. Alipita chini yake bila kuinua kichwa.

Ruthu alikuwa amekaa katikati ya mawe, miguu imenyooshwa, nyundo mkononi, kitambaa kimefungwa puani. Mama yake alikuwa amekwenda kuchota maji. Mdogo wake, ambaye sasa aliweza kukaa mwenyewe, alikuwa pembeni akilalamika, kwa kuwa mawe yalikuwa ya moto na kipande cha gunia alichokalishwa kilikuwa kimeteleza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea hiki. Kimekuja juzi. Hakuna mtu aliyekifungua."

Ruthu alifuta viganja kwenye sketi, akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo hapohapo alipokaa. Alifungua ukurasa mmoja. Midomo yake ikaanza kucheza. Sidonia alingoja.

Mtoto akalia.

Ruthu akafunga kitabu. Akakilaza juu ya kokoto, akakipigapiga kwa kiganja mpaka kikakaa sawa, akamnyanyua mdogo wake na kumkalisha juu yake. Mtoto akanyamaza.

"Asante, mwalimu," alisema. "Kimemtosha."

Lori lilikuwa limesimama chini ya kilima, injini ikiunguruma. Utingo akatoa kichwa dirishani, akauliza kwa kelele kama rundo lile limekamilika.

"Bado!" alijibu Ruthu, akaokota nyundo.