Mama Mkwe Juu ya Mkokoteni

Kwa miaka sita mimi na mama mkwe wangu, Kavetsa, hatukuwahi kusemezana moja kwa moja. Kwao Wamaragoli mkwe hamgusi mama mkwe wala hamkazii macho, na sisi Wakamba hatuko mbali na hapo. Nikiwa na neno nilimwambia mke wangu, Mideva, naye alilifikisha. Tulipendana hivyo, kila mtu upande wake wa ukuta.

Kisha mama akavunjika mguu huko Kawangware, akafungwa plasta kutoka pajani hadi kisiginoni. Kwa mguu usiokunjika, pikipiki haikumfaa, na teksi zilizopita zilikataa. Tulikuwa tumempatia chumba kwa jirani yetu Kibera, maana yeye kulala nyumbani kwangu ni mwiko. Kazi yangu ni kuvuta mkokoteni, nikasema nitamvuta mwenyewe.

Aliketi akinipa mgongo, mguu umeelekea mkiani. Lakini uzito ukizidi nyuma, kwenye mlima vishikio huniinua nikaning'inia hewani. Kwa hiyo nilipanga magunia yake mawili ya mahindi mbele, nyuma yangu tu. Mideva alisukuma hadi mtaa wa Ayany, kisha akatangulia kuchukua ufunguo wa chumba.

Nikabaki na mama mkwe juu ya mteremko. Breki ya mkokoteni ni kipande cha tairi kilichopigiliwa chini ya mkia. Ukiteremka unainua vishikio, mkia unalala, tairi linasugua barabara na mwendo unapungua. Mkia haulali kama uzito uko mbele. Magunia yalipaswa kurudi nyuma, na ili niyapitishe, ningelazimika kumshika mama kwapani nimsogeze. Nilikuna kichwa. Niliona aibu, nikajiambia mteremko ni mfupi. Mjinga mkubwa mimi.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa sawa. Kisha mkokoteni ukaanza kunisukuma. Nikainua vishikio kwa nguvu zote; havikupanda. Nikakaza visigino, kandambili moja ikakatika. Sasa nilikuwa nakimbia, si kwa kupenda. Chini kulikuwa na foleni ya kina mama na mitungi ya maji, na kushoto mtaro wenye mawe. Kulia tu ndiko kulikuwa na rundo la mchanga wa mjengo. Nilisukuma kishikio kwa nyonga, lakini kwa kasi ile magurudumu hayakunisikia, yalitaka kwenda mbele tu. Nilipiga kelele watu watoke. Wachache walitoka, wengine waligeuka kutazama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Ndipo nikamwita kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Mama, songa nyuma! Songa sana, breki haishiki!"

Nilisikia makalio yake yakiburutika kwenye mbao, akijisukuma kwa mikono huku mgongo ukiachana na magunia. Vishikio vikawa vyepesi. Nikaviinua hadi mabegani na tairi likalia nyuma, mwendo ukapungua kidogo. Haikutosha. Nikamsikia akijisukuma tena, kisha kukaja sauti nyingine, ya kitu kigumu kikikwaruza lami, na mama akatoa mlio ambao bado nausikia. Mkokoteni ukapungua kasi. Nikaegemea kishikio cha kulia kwa mwili mzima, pua ya mkokoteni ikageuka upande huo, gurudumu likazama mchangani tukasimama. Mwanamke wa mwisho kwenye foleni alikuwa karibu kiasi cha kuguswa.

Nilizunguka nyuma. Mama alikuwa ameshuka nusu, ameng'ang'ania ubao kwa kucha, na mguu wa plasta ulikuwa chini barabarani. Aliuteremsha makusudi, ukatusimamisha. Plasta ilikuwa imesagika na kupasuka, damu inatoka, na mguu umepinda pasipo na goti.

Sikumngoja Mideva. Nilipitisha mikono chini yake, nikambeba kifuani, naye akanishika shingo. Nilikuwa nalia. Nikamwambia kuwa magunia yalipaswa kurudi nyuma kule juu, nilijua, ila niliogopa kumgusa.

Alinitazama usoni, karibu kabisa.

"Ungenigusa tu, Mulwa," akasema. "Ungenigusa tu."