Taa Nyekundu ya Mita

Mwanangu wa kwanza aliponiambia kwamba mshonaji anatuibia umeme, sikumbishia. Nilikuwa nimeshaanza kumtupia jicho mwenyewe. Mshonaji ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, na mita ni moja kwa nyumba nzima. Tulikubaliana naye tangu siku ya kwanza: taa na cherehani wakati wowote, pasi Jumamosi tu, maana pasi ni mlafi. Lakini yuniti zilikuwa zinayeyuka. Zikiwekwa leo, hata wiki haijapinduka mita inalia kama kifaranga aliyepotezwa na mama yake.

Na zilianza kuyeyuka mwezi uleule aliohamia, ndio mwezi tuliopaka nyumba rangi. Sasa utamshuku nani, mpaka rangi?

Nikahamishia kigoda changu uani. Nikachambua mchele pale, nikashona vifungo pale, macho yangu mlangoni kwake. Siku moja ya katikati ya wiki akafunga mlango na jua linawaka. Mwanamke anayelalamika joto kutwa nzima, afunge mlango ajifungie na nini? Punde nikanusa harufu ya nguo ya moto. Akatoka na suruali ya mteja mkononi, mkunjo wake umesimama unaweza kukata mkate. Nikamuuliza kwa upole kama leo ni Jumamosi. Akacheka kidogo, akasema ile suruali ilikuja hivyo, na hakunitazama usoni.

Jioni nikamweleza mwanangu. Hakungoja chai ipoe. Alikwenda akamwambia mshonaji mwisho wa mwezi atafute pengine. Wateja wake wote wanaujua mlango ule. Akihama anaanza upya kama mgeni. Nililijua hilo, nikanyamaza.

Kisha dada wa mshonaji akaugua, naye akafunga chumba akasafiri. Mwanangu akaenda kwenye boksi la swichi, akaizima ile ya chumba cha uani, akasema sasa tutakula umeme wetu kwa raha. Kesho yake nilibaki peke yangu nyumbani. Friji lilikuwa limeshakufa zamani, kazi yake kuhifadhi vyombo. Nikazima taa zote, hata ya chooni, nikachomoa televisheni, nikaenda kuitazama mita. Taa yake nyekundu, ile inayokonyeza umeme ukiliwa, ilikuwa inakonyeza. Polepole, lakini haichoki.

Nikasimama pale nikitazamana nayo. Mwizi yuko safarini, na mali inaendelea kuibwa.

Mwanangu alikuwa na jibu: mshonaji ameficha waya darini. Tukamwita fundi umeme wa mtaani, yule tunayemwita Testa kwa sababu testa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, hukaa sikioni kama kalamu ya seremala. Alipoingia tu, mwanangu akaninong'oneza kwamba ovaroli la fundi limeshonwa na mshonaji, kwa hiyo hao wamepikwa chungu kimoja. Nikamfuata fundi kila alipokwenda. Alipanda darini, nikashika ngazi. Alishuka na utando wa buibui kichwani, akasema hakuna waya wa mtu.

"Atasema nini kingine?" mwanangu akasema, kwa sauti ya kusikika.

Testa hakugombana. Alizima swichi zote za kwenye boksi, akaniita nitazame mita. Kimya. Akawasha ya chumba cha uani peke yake. Kimya. Akawasha ya soketi zetu, kimya vilevile. Alipowasha ya taa za sebuleni na bafuni, ile nyekundu ikaanza kukonyeza, na balbu zote zimezimwa. Akasema umeme unavuja mahali, pengine waya umechubuka ndani ya ukuta, na ukuta ukiwa na unyevu unaunywa.

Hapo ndipo nikalikumbuka bomba la bafuni. Lilikuwa linanichoma vidole asubuhi, hasa baada ya wajukuu kuoga na kurusha maji kila mahali. Nilipowaambia, mkwe wangu alisema ni mishipa ya uzee. Nikakubali, nikawa nalifungua kwa kitambaa.

Nikamwambia Testa. Akauliza nyuma ya bomba kuna nini. Nyuma yake ni sebule. Ni ukuta wa swichi ya taa, na juu ya swichi kuna picha ya marehemu mume wangu.

Picha ile aliitundika mwanangu tulipomaliza kupaka rangi. Sisi wote tulitaka iwe pale, juu ya swichi kabisa, ili kila anayewasha taa amwone baba. Testa alipoitazama alishusha pumzi. Akasema waya wa swichi hushuka wima kutoka darini. Akaishusha picha. Rangi mpya kuzunguka msumari ilikuwa imegeuka kahawia kama chai iliyomwagika.

Mwanangu akanyoosha mkono aung'oe. Testa akamdaka kifundo cha mkono.

"Kaka, swichi ya kwenye boksi bado imewashwa. Unataka kutundikwa kando ya mzee?"

Swichi kubwa ikazimwa, msumari ukatoka, plasta ikabomolewa. Waya ulikuwa umetobolewa katikati kama kitambaa na sindano. Testa akauondoa akaweka mwingine, akakaza na kiungo kilicholegea kwenye boksi. Mita ikanyamaza. Mwanangu akauweka msumari mfukoni.

Mshonaji aliporudi alianza kufunga mizigo. Mwanangu akaenda mlangoni kwake, mikono nyuma, akaeleza yote, na kwamba asihame. Mshonaji akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, akavuta kitu chini ya kitanda. Pasi ya mkaa.

"Hii ndiyo ya siku zisizo Jumamosi," akasema. "Wateja wakiiona watadhani nitawapaka masizi. Ndiyo maana nafunga mlango, nafungua dirisha la nyuma."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nitakaa, kwa sharti. Mita yangu peke yangu, na fundi aiweke mimi nikiwa nimesimama hapo namtazama. Nitajuaje kama nyumba yenu hainywi kwangu?" Akanigeukia. "Na wewe Bibi, kigoda chako kirudi barazani."

Nikakibeba mwenyewe.

Baba watu wa pichani sasa yuko juu ya kabati, hana msumari. Mshonaji ana mita yake, na mlango siku hizi anauacha wazi, nadhani makusudi. Harufu ya pasi ikinifikia barazani, naondoka kwenda kuitazama mita yetu. Ya kwake siitazami. Yaani, mara nyingi siitazami.