Vyumba vya Nyuma

Wanaonipongeza kuwa nimeiokoa ile nyumba nawajibu ahsante, na wakishageuka natema mate. Naam, niliiokoa. Kiherehere changu mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Ni nyumba ya karne ya kumi na tisa, kuta nene kama urefu wa mkono, boriti za mti ambao siku hizi huupati hata kwa dawa. Aliijenga mfanyabiashara wa nguo. Mpishi wake alikuwa bibi yake mama yangu. Tajiri akafa, wanawe wakatawanyika, mpishi akabaki. Mumewe akamjengea vyumba viwili nyuma ya jiko, na humo tumezaliwa wote mpaka mimi. Mimi ni fundi chokaa kama baba yangu. Kuta zile nimezipaka tangu sijaota ndevu.

Basi vitukuu wa tajiri, ambao hata mlango wa ile nyumba hawaujui, wakataka kumuuzia mjenga maghorofa. Bwana huyo alikwishabomoa duka la fundi saa na kiwanda cha uchapaji, mtaa umebaki mapengo kama kinywa cha mzee. Nikakimbilia ofisi ya mambo ya kale. Wakataka ushahidi wa umri wa nyumba. Nikapekua sanduku la mama, nikatoa picha: nyumba mpya kabisa, tajiri kasimama mlangoni.

"Irudishe," mama akasema. "Cha sandukuni kikae sandukuni."

"Mama, unataka tulale nje?"

Akafunga sanduku. Laiti ningemsikia.

Ofisi ikamleta mtaalamu, binti mdogo, mpole, ana adabu zake. Akapima kila dirisha. "Baba, picha hii ni dhahabu," akaniambia. Mwezi haukuisha, nyumba ikatangazwa kuwa ni urithi, haibomolewi wala haiuzwi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akasimamisha mashine yake, akapiga kelele: "Fundi, wewe kiboko!" Nikatembea mtaani kifua mbele, mjinga mimi.

Mwezi wa tatu binti akarudi na ramani. Nyumba itarudishwa kama ilivyo kwenye picha, wageni waje kuitazama.

"Vyumba vya nyuma havimo kwenye picha, baba."

"Vitakuwamo vipi? Vilikuwa havijajengwa!"

"Ndiyo maana. Si vya asili. Vinaondolewa."

"Na mama yangu naye si wa asili?"

Akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. Akasema ameshaandika kuomba tufikiriwe, na wakubwa wamekataa. Nilimwamini, na hilo liliniuma zaidi, maana sikuwa na wa kumtukana. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Halafu, wee! Wakaniomba mimi nivibomoe. Vyumba vimeshikana na ukuta wa jiko la zamani, na asiyeijua chokaa angeupasua. Nikakubali. Ningekataa angekuja mwingine na nyundo yake, akacheka na wenzake huku akivunja mahali mama aliponizalia. Nilivunja kwa patasi, jiwe baada ya jiwe, siku nne. Ukuta wa jiko haukupata hata ufa.

Mama nilikwishampeleka kwa dada yangu, upande wa pili wa mji. Macho yake yamefifia, haoni mbali. Nikamdanganya kuwa ni matengenezo, tukimaliza tunarudi. Dada akaniambia, "Mwambie ukweli, mtu mzima huyo." Kesho, nikasema. Nimesema kesho tangu masika.

Jana nilimkuta amekaa kitandani, ameshavaa viatu. Akanishika mkono.

"Mwanangu, nasikia huko mtaani wanakusifu. Kweli nyumba haikubomolewa?"

"Haikubomolewa, mama. Iko imara."

"Na chokaa imeshakauka?"

"Imekauka."

"Afadhali," akasema, akashusha pumzi. "Basi nifungie nguo zangu, twende."