Mshiriki Asiyegusa Kitu

Kazini wananiita Chekeche, na kwa muda mrefu jina hilo lilinivimbisha kichwa. Kampuni yetu huandaa mikutano ya mtandaoni kwa ajili ya wauguzi, walimu, wafuga nyuki, yeyote mwenye jambo la kusema. Mimi ndiye ninayefungua ukumbi na kukaribisha watu, na mkutano ukiisha nachambua takwimu: wangapi walijiandikisha, wangapi waliingia kweli, nani alikaa dakika ngapi, nani aliuliza swali. Mteja akitaka kujua kama mkutano wake ulifana, anasubiri ripoti yangu.

Sifa yangu ilitokana na sheria moja niliyoitunga mwenyewe. Mtu akiingia, akakaa mwanzo mpaka mwisho bila kugusa kitu, hakuuliza, hakupiga kura, hakunyoosha hata kile kimkono cha njano, huyo kwangu ni mtazamaji hewa. Kawasha simu, kaiacha mezani, kaenda zake kuoga. Namfuta. Bosi aliipenda sana sheria hiyo. "Wenzetu wanawauzia wateja hewa," alikuwa anasema, "sisi tuna Chekeche."

Mwezi uliopita tukafunga mfumo mpya unaounganisha mikutano yote ya mwaka. Bosi akataka, kabla usajili wa mwaka haujafutwa, nimtafute mshiriki mwaminifu kuliko wote, tumtaje hadharani kwenye mkutano wa kufunga mwaka. Kazi ya dakika mbili, nikasema. Mfumo ukaniletea namba moja ya usajili, juu kabisa, peke yake. Mikutano thelathini kati ya thelathini. Ya wauguzi, ya wafuga nyuki, hata ule wa mafundi wa lifti ambao mimi mwenyewe nilisinzia. Kila mara aliingia dakika tano kabla, kila mara alitoka pale nilipofunga ukumbi. Hakuwahi kugusa kitu. Nilikuwa nimemfuta mara thelathini.

Niliona ni kichekesho. Nikafungua usajili wake nipate simu nimpigie. Hapakuwa na jina, ila namba ya simu ilikuwepo, na naijua kwa moyo. Ilikuwa ya mama.

Mama yangu alifariki mwezi wa tano. Mikutano kumi na mitatu kati ya ile ilifanyika baada ya kumzika, na wa mwisho ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia.

Nilijifungia chooni nikampigia dada yangu, anayeishi kwenye nyumba ya mama na kutunza vitu vyake.

"Nani anatumia simu ya mama?"

"Atumie vipi? Betri ilivimba mpaka kioo kikabanduka. Niliitoa nikaitupa. Ganda liko kabatini."

"Na laini?"

"Imo humo humo. Kuna nini? Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza.

"Kumbe hukuwa unajua?" aliniuliza. "Mama hakukosa hata mmoja. Alikuwa anaangalia ratiba yenu, anajiandikisha. Ikikaribia saa nne cherehani inasimama, mteja hata alie. Anachana nywele, anavaa lile gauni la bluu, anakaa kitako mbele ya simu. Namwambia, mama, hawakuoni. Ananijibu, huwezi jua, mwanangu anaweza kunitafuta kwenye orodha."

"Sasa mbona hakuandika jina?"

"We si ndiye uliyemgombeza?"

Ndiyo, ni mimi. Mwaka jana, mkutano wangu wa kwanza kabisa, mama aliingia, akabonyeza asichokijua, kipaza sauti kikafunguka, na mbele ya madaktari mia mbili akaita: "Mwanangu, nakuona! Mbona umekonda?" Watu walicheka mpaka msemaji akasahau alipofika. Jioni nilimpigia nikiwa nimefura. "Mama, ukiingia tena kwenye mikutano yangu, usiguse kitu. Umesikia? Usiguse kitu chochote."

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Baada ya hapo simu zangu kwake zikawa za kuokoteza: nusu dakika, niko njiani, nitakupigia baadaye. Sikupiga. Akawa ananisikia kule ukumbini pamoja na wageni, nikiwakaribisha kwa ile sauti laini ambayo yeye sikumpa.

Bosi sikumwambia. Nilimpa jina la mkunga mmoja aliyehudhuria mara kumi na tisa.

Siku ya mkutano wa mwisho nilifungua ukumbi saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Studio yetu ni chumba kidogo chenye taa mbili na magodoro ya kuzuia mwangwi ukutani. Idadi ya waliomo ilisoma sifuri, kisha ikasoma moja. Mwili ukanisisimka. Nilidhani baridi ile ni ya kiyoyozi, mpaka nikakumbuka kimeharibika tangu Jumatatu. Nikasema "Karibuni." Watu wakaanza kumiminika, mia tatu na kitu. Mkunga akatajwa, akapigiwa makofi, na saa sita mkutano ukaisha.

Wakatoka kama kawaida yao, mafungu mafungu. Wakabaki ishirini, saba, watatu. Akabaki mmoja. Hapo huwa nabonyeza kitufe cha kufunga ukumbi. Kidole kilikuwa tayari, na nilijua nikibonyeza usajili wote wa mwaka unafutika, zinabaki takwimu tu, na huyu hatakuwa tena na mlango wa kuingilia.

"Mama," nikasema kwenye kipaza sauti. "Nilikosea. Gusa. Gusa chochote unachotaka."

Nikalia mbele ya kamera mpaka kamasi zikanitoka. Nikamwambia kweli nimekonda, sili vizuri tangu aondoke, na kwamba nilikuwa namfuta kila mara na kujisifu. Dakika ya tisa, kile kialama cha kipaza sauti kando ya namba yake, kilichokuwa chekundu mwaka mzima, kikageuka kijani. Nilisikia cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, ikishona mshono mrefu taratibu. Ikasimama. Mkasi ukakata uzi. Idadi ikarudi sifuri.

Kesho yake nikachambua takwimu kwa sheria yangu ile ile. Watazamaji hewa kumi na wanne walifutwa. Yeye alibaki, mstari wa chini kabisa: dakika mia moja thelathini na sita, kitendo kimoja. Bosi akaipitia ripoti, akaweka kidole pale, akauliza huyu alikuwa anafanya nini dakika zote zile, wenzake wakiwa wameshaondoka.

"Alikuwa ananisubiri nimalize kazi," nikamwambia.