Banda la Kuku la Dola Elfu Tisini na Nne

Barua kutoka ofisi ya uthamini wa nyumba ilifika katikati ya Aprili, imebanwa kati ya katalogi ya mbegu na tangazo la mazishi ya bei nafuu. Dorlene Kubicek aliisoma amesimama palepale kwenye sanduku la barua. Akaisoma tena jikoni, safari hii amevaa miwani. Kisha akaenda dirishani kuitazama nyumba ya wageni ambayo, kwa maneno ya kaunti, alikuwa akiimiliki uani kwake bila yeye mwenyewe kuwa na habari.

Wageni walikuwapo, kumi na saba, wote wana manyoya. Mmoja alikuwa kibarazani anakunya.

"Alvis!" aliita. "Njoo uone umenifanyia nini."

Barua ilisema hivi: nyongeza mpya kwenye kiwanja, nyumba ya wageni, ubora mzuri, thamani dola elfu tisini na nne. Kodi ya nyongeza hiyo ilikuwa kama dola elfu moja na mia tisa kwa mwaka, na Dorlene hakuhitaji kikokotoo kujua hizo ni pesa gani. Hizo zilikuwa ni bahari. Kila Julai yeye na dada yake Lavern hupanga kijumba pwani kwa wiki moja, wakae miguu majini na kuwasengenya waume zao, marehemu na aliyebaki. Ni wiki moja tu kati ya hamsini na mbili ambayo hakuna mtu wa kumwuliza chakula cha jioni ni nini.

Alvis alikuja akifuta mikono, akaichukua barua na kuisoma taratibu kama mtu anayesoma wasia. Alipofika katikati akasimama.

"Wameandika 'mzuri'," alisema.

"Wameandika elfu tisini na nne, Alvis."

"Nimeona. Lakini tazama hapa. Ubora: mzuri." Akaweka kidole juu ya neno hilo, lisije likakimbia.

"Basi lioe hilo neno, likupikie."

Haki isemwe, kosa halikuwa la kaunti peke yake. Miaka mitano nyuma Dorlene alimwomba mumewe banda la kuku. Banda tu, mbao nne na wavu, kazi ya Jumamosi moja. Alvis, aliyekuwa ndio kwanza amestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza matingatinga ya barabara, alichukua miezi kumi na moja. Kila ubao aliupima mara tatu kabla ya kuukata. Kila ukuta aliuwekea pimamaji, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akauwekea tena. Kuta akazijaza sufi ya kuzuia baridi. Akatia kiyoyozi kwa ajili ya Julai na jiko la kuni kwa ajili ya Januari, akaweka madirisha aliyoyaokoa shule ya zamani ilipobomolewa, na mwisho kabisa akajenga kibaraza chenye bembea. Bembea! Kuku gani huyo wa kubembea?

Dorlene aliliita jengo hilo Ikulu, na si kwa wema. "Kazi za Ikulu zimekwisha, au chakula kimsubiri mheshimiwa?" Mapazia ya madirisha aliyashona yeye, ni kweli, lakini alidai ni ya kufichia aibu. Katika miaka thelathini na nne ya ndoa hajawahi kumwambia Alvis kwamba kitu alichokitengeneza ni kizuri. Ndivyo walivyolelewa kwao: kitu kikiwa kibovu unasema, kikiwa kizuri unanyamaza, na mwenye akili ataelewa. Alvis alikuwa ameelewa miaka yote hiyo, au alijifanya ameelewa.

Sasa, mwezi wa Mei katika kaunti ile ndio msimu wa kuzisema vibaya nyumba. Watu walewale ambao Krismasi walikushika mkono wakakupitisha kila chumba ili uone marumaru mpya za jikoni, ikifika Mei wanapanga foleni kaunti na picha za nyufa, ili wapunguziwe kodi. Utadhani usiku mmoja mji mzima umeingiwa na mchwa. Mwenye ghorofa anaapa kwamba anaishi kwenye gofu. Mwenye bwawa la kuogelea anaomboleza kana kwamba ni kidonda. Kisha Juni inaingia, kila mtu anapaka rangi upya, na hakuna anayemwonea mwenzake haya.

Dorlene hakukubali kuachwa nyuma. Alipiga picha hamsini na mbili za Ikulu, zote kwa chini na kwa upande, mpaka jengo likaonekana limelewa. Kwa picha za kinyesi alikaa asubuhi nzima kuwasubiri kuku, nao kwa mara ya kwanza wakawa na adabu. Ubao mmoja uliolegea hakuupata, kwa hiyo aliulegeza mwenyewe kwa nyundo.

"Siku ya kusikilizwa rufaa yetu wewe usifungue mdomo," alimwambia mumewe. "Ukianza kuwaeleza jinsi ulivyounga zile pembe, watatupandishia hadi laki."

"Nitanyamaza."

"Na wakikuuliza?"

Alvis alitazama sakafu. "Nitasema ni bovu," alisema. "Bahari ni yako, Dorlene. Siwezi kukupokonya."

Walisikilizwa siku ya Jumanne katika chumba cha nyuma cha jengo la kaunti. Bodi ya rufaa ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, Bwana Ottmers, alikuwa daktari wa meno mstaafu, na alimtazama kila mtu mdomoni kabla ya kutazama karatasi zake. Bi Pruett alikuwa amefundisha shule ya msingi nusu ya mji, akiwemo Alvis. Wa tatu alikuwa muuza chakula cha ng'ombe ambaye, tangu asubuhi, alikuwa amelala usingizi wa mwenye haki. Dorlene na Alvis wakainua mikono, wakaapa kusema kweli. Dorlene aliapa kwa sauti nzuri kabisa, na faili lake la uongo liko kwapani.

Mthamini wa kaunti aliitwa Bwana Haskew, mtu mpole mwenye tai fupi. Akaonyesha picha iliyopigwa kutoka angani na nyingine iliyopigwa kutoka barabarani.

"Ndani sijaingia, siruhusiwi," alisema. "Lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na nilipopita pale nilisimamisha gari. Tazameni kona za paa zinavyokutana. Tazameni kibaraza. Hata nyumba yangu mimi haijanyooka hivyo."

Kwenye kiti chake Alvis alijikohoza kidogo. Dorlene akamkanyaga mguu.

Kisha akasimama na kuanza kazi. Akalitukana paa, kwamba linavuja. Akaitukana sakafu, kwamba imebonyea, na kuta, kwamba panya wanapita bila kubisha hodi. Mlango, alisema, haufungi hata ukiuegemea. Aliyejenga, alisema, hakuwahi kushika randa maishani, na ingekuwa heri angewakabidhi kuku wenyewe nyundo. Bwana Ottmers akacheka. Dorlene alipoona wanacheka, akanogewa, akatoa picha ya ubao uliolegea na kuizungusha mezani kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Alipokaa aligeuka kumtazama Alvis. Mumewe alikuwa ameweka kofia magotini na kuizungusha polepole kwa ukingo wake, duru baada ya duru.

"Alvis," alisema Bi Pruett, "ni wewe uliyejenga?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Kweli mlango haufungi?"

"Haufungi."

"Na paa linavuja?"

"Linavuja sana."

"Mbona ulijenga vibaya hivyo, bwana?"

Alvis aliacha kuizungusha kofia. "Mimi si fundi, mwalimu. Nilikuwa nabahatisha tu."

Hapo Dorlene alipaswa kufurahi. Kesi ilikuwa imekwisha, hata kipofu angeona. Badala yake alimkasirikia kwanza Bi Pruett, kisha kaunti, kisha, kwa kukosa mwingine, nafsi yake. Nabahatisha! Mtu aliyerudi dukani mara nne kwa ajili ya bawaba moja!

"Swali langu ni moja tu," alisema Bwana Haskew, naye alionekana kama mtu aliyevunjwa moyo. "Kuna binadamu yeyote amewahi kulala humo? Maana kama hakuna, mimi mwenyewe nafuta nyumba ya wageni, naandika banda, tunaagana."

Wote wakamtazama Alvis.

"Hakuna," alisema Alvis. "Kuku tu."

Ilikuwa bahari hiyo, imewekwa mezani, imefungwa kwa utepe. Dorlene alichotakiwa ni kukaa kimya, kazi aliyoifanya vizuri sana kwa miaka thelathini na nne.

"Mwongo huyo," alisema.

Bwana Ottmers aliinua kichwa. "Samahani, mama?"

"Nimesema huyu ni mwongo, na mimi ni mwongo mkubwa kumshinda. Andikeni. Ile Februari ya barafu, umeme ulipokatika siku nne, mnakumbuka? Mabomba ya nyumba yetu yalipasuka. Maji yaliganda kwenye bakuli la mbwa, jikoni kwangu, ndani! Siku ya pili mimi nilikuwa siwezi kuhisi vidole. Huyu akanibeba mpaka kwenye banda la kuku. Akanibeba, na mgongo wake ule. Akawasha jiko. Tulilala humo siku mbili, mimi na yeye na kuku kumi na wawili, na asubuhi nilikuwa nimevua soksi kwa joto."

Akaigeuza kifudifudi ile picha ya ubao.

"Paa halivuji. Halijawahi kuvuja tone. Ule ubao niliulegeza mimi. Na mlango," akamgeukia Bi Pruett kana kwamba yeye ndiye aliyeutukana, "mlango ule unausukuma kwa kidole kimoja unafunga, na upepo unabaki nje. Ni jengo zuri kuliko yote kaunti hii, hili lenu likiwemo. Niko hai nawapigia kelele hapa kwa sababu huyu bwana hupima ubao mara tatu."

"Mama Kubicek," alisema mwenyekiti kwa upole, "unaelewa kwamba unajimaliza mwenyewe?"

"Naelewa. Sijazeeka kiasi hicho."

Muuza chakula cha ng'ombe alifumbua macho. "Hao kuku," alisema, "walitaga? Kwenye baridi ile?"

"Mayai tisa."

"Basi hiyo ni nyumba," alisema, akarudi kulala.

Bodi ilijadiliana kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa. Kwa kuwa jengo halikuwa na choo, waliipunguza thamani yake kwa dola elfu mbili, ikawa elfu tisini na mbili, na Bwana Ottmers akampa Dorlene mkono kumpongeza kwa rufaa iliyofanikiwa. Bwana Haskew aliwafuata mpaka koridoni, akamwuliza Alvis zile kona za paa alizikata kwa pembe ya nyuzi ngapi. Walisimama hapo dakika ishirini. Dorlene alisubiri kwenye gari na faili lake, mshindi.

Alvis aliendesha mpaka wakapita maghala ya mahindi.

"Ulisema kidole kimoja," alisema.

"Nilikuwa nimekula kiapo. Usivimbe kichwa."

"Sivimbi."

"Umepitiliza nyumbani, Alvis."

Alikuwa amepitiliza, tena kwa maili mbili. Akageuza gari, akafuta uso kwa kofia, akasema ni vumbi, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa na mvua ilikuwa imenyesha.

Jioni hiyo Dorlene alimpigia dada yake simu. Lavern alisikiliza habari yote mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kuandikwa.

"Kwa hiyo bahari hakuna," alisema Lavern.

"Hakuna. Wala mwakani. Pesa zake zote nimezimaliza kumsifu mume wangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi."

"Na wewe sasa una gesti. Ukoo wetu umeanguka, Dorlene! Mama angejua mwanawe amefungua gesti!"

"Gesti halali kabisa, inalipiwa kodi. Kwa hiyo fungasha nguo, mama. Julai unakuja kukaa humo wiki nzima. Tutaweka miguu kwenye beseni kibarazani. Kuna bembea."

"Na kuku je?"

Dorlene alimtazama Alvis, aliyekuwa mezani anajifanya anasoma gazeti la juzi. "Kuku watajengewa banda," alisema, akakata simu.

Alvis alishusha gazeti.

"Sasa nisikilize," alisema Dorlene. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Mbao nne na wavu. Hakuna dirisha, hakuna kibaraza, hakuna bembea. Safari hii jenga vibaya."

"Nitajenga vibaya," alisema Alvis.

Jumamosi asubuhi, Dorlene akiwa anasubiri kahawa ichemke, alichungulia uani. Alvis alikuwa ameweka ubao wa kwanza juu ya meza. Akaupima mara moja. Akautia alama, akashika msumeno, akauweka juu ya alama, akasimama hapo. Kisha akageuza shingo taratibu kutazama dirisha la jikoni, kuona kama kuna mtu.

Dorlene akarudi nyuma ya pazia, akakaa hapo bila kutikisika, ampe nafasi ya kupima mara mbili zilizobaki.